Komeo la Dirisha na Nakala Isiyodanganya

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kuna orodha ndefu ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia. Ni orodha ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu: nani alijenga wapi, kutoka lango gani mpaka mnara gani. Msomaji mvumilivu atagundua jambo moja. Mara 5 katika sura hiyo, mwandishi anapotaja lango lililotengenezwa, hatosheki kusema kwamba milango ilisimamishwa. Anataja pia vyuma vyake na makomeo yake. Mji ulikuwa magofu, maadui walikuwa wakiwacheka wajenzi, na bado mtu aliona inafaa kuandika habari za makomeo.

Niliikumbuka orodha hiyo miaka michache iliyopita, nilipokuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu. Kanisa letu lilijengwa wakati wa wamisionari. Madirisha yake ya mbao yalikuja na vyuma vyake: bawaba, makomeo, na vile vishikizo virefu vyenye matundu vinavyozuia dirisha lisipigwe na upepo. Kadiri miaka ilivyopita vyuma hivyo vilipungua kimoja kimoja. Vingine vililiwa na kutu, vingine viling'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Madirisha mengine tulikuwa tukiyafunga kwa waya, mengine kwa kipande cha kanga. Siku ya mvua ya upepo, mahubiri yalisindikizwa na vishindo vya mbao.

Kamati iligawanyika. Wengine walitaka tung'oe yote na kuweka madirisha ya alumini. Wengine walisema mbao bado ni nzima, kilichokufa ni vyuma tu, basi tutengeneze vingine vinavyofanana na vile vya kwanza. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, ambaye huwa hasemi mara kwa mara, akauliza: "Mchungaji, tukitengeneza kipya kinachofanana kabisa na cha zamani, mjukuu wangu akakiona na kudhani kimewekwa na wale wa kwanza, je, hatutakuwa tumemdanganya?"

Hakuna aliyejibu. Kikao kiliahirishwa, nami nikaenda kusoma. Niligundua kwamba swali la mzee wetu si geni. Mafundi, wanahistoria na hata makasisi wa nchi nyingine wamelihangaikia kwa muda mrefu, na walichojifunza kinatuhusu sisi tunaojiita wafuasi wa Kristo, kwa sababu mfuasi naye ni mtu anayejaribu kufanana na mwingine.

Dirisha linalopanda na kushuka

Tuanzie Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kazi ya kutengeneza nakala za vyuma vya madirisha imekuwa na historia ndefu na mabishano mengi.

Madirisha ya zamani ya huko yalikuwa ya fremu za chuma kilichofuliwa na mhunzi. Vipande vidogo vya vioo viliunganishwa kwa risasi, na fremu ilining'inia kwenye bawaba na kufunguka kama mlango. Katika nusu ya pili ya karne ya 17, hasa kuanzia miaka ya 1670, aina nyingine ikaanza kuonekana katika majumba ya kifalme na ya matajiri: dirisha la fremu mbili za mbao, moja juu na nyingine chini, zinazopanda na kushuka. Katika muda wa karne moja dirisha hilo lilienea karibu kila mji wa Uingereza, likavuka bahari hadi makoloni ya Marekani.

Siri yake haionekani. Ndani ya mbao za pembeni kuna nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo huning'inia vyuma vya uzito. Kamba imefungwa kwenye fremu ya kioo, inapita juu ya gurudumu dogo la kapi, kisha inashuka hadi kwenye uzito. Fremu ikiwa na kilo 10, kila upande hubeba uzito wa karibu kilo 5, na mtoto anaweza kuipandisha kwa mkono mmoja. Fundi mwangalifu hufanya zaidi. Uzito wa fremu ya juu huuongeza kidogo ili fremu isishuke yenyewe, na wa fremu ya chini huupunguza kidogo ili ikae imefungwa. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya mbao. Baadaye yakawa ya shaba na chuma, na komeo dogo la shaba likawekwa katikati, mahali fremu mbili zinapokutana, ili kuzifunga pamoja na kuzuia upepo na wezi.

Madirisha hayo yaliandikwa pia na sheria. Moto mkubwa ulioiteketeza London mwaka 1666 uliwafanya watawala waogope mbao zilizo nje ya ukuta. Sheria ya mwaka 1709 ikaamuru fremu zirudishwe ndani, na ile ya mwaka 1774 ikaamuru sanduku la vyuma vya uzito lifichwe nyuma ya matofali. Kodi nayo iliacha alama. Kuanzia mwaka 1696 hadi 1851 serikali ilitoza kodi kwa idadi ya madirisha ya nyumba, na watu wengi waliyaziba madirisha yao kwa matofali ili wasilipe. Walilipishwa mwanga, wakachagua giza. Mtu anayejua kusoma nyumba anaweza kutambua haya yote kwa kutazama dirisha moja tu. Ndiyo maana komeo au kapi ikipotea, kinachopotea ni sehemu ya ushahidi.

Mchanga, moto na kusinyaa

Je, komeo lililopotea hutengenezwaje upya? Kama lilikuwa la chuma kilichofuliwa, mhunzi hulifua tena kwa nyundo. Lakini makomeo mengi ya shaba yalisubiwa, yaani shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu. Kazi hiyo imo katika Biblia. Katika 1 Wafalme 7 tunasoma habari za Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, aliyemfanyia Mfalme Sulemani vyombo vyote vya shaba vya hekalu. Mstari wa 46 unataja hata mahali: katika uwanda wa Yordani, penye udongo wa mfinyanzi, kati ya Sukothi na Sarethani. Hakuchaguliwa uwanda kwa uzuri wa mandhari. Msubu shaba anahitaji udongo unaoshika umbo.

Njia bado ni ile ile. Fundi hutengeneza kielelezo cha mbao au cha chuma. Hukizika nusu katika sanduku la mchanga wenye unyevu na udongo kidogo, huweka sanduku la pili juu yake, hujaza mchanga na kuushindilia. Kisha hutenganisha masanduku, hutoa kielelezo polepole, na ndani ya mchanga hubaki uwazi wenye umbo lake. Huchimba njia ya kumiminia na njia ya hewa kutokea. Shaba ikishayeyuka, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 900 za selsiasi, humiminwa. Ikipoa, mchanga huvunjwa, na kazi ya tupa na msasa huanza.

Mwaka 1707 Abraham Darby, Mkristo wa dhehebu la Wakwekeri, alipata hataza Uingereza ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na miaka 2 baadaye huko Coalbrookdale alifaulu kuyeyusha chuma kwa kutumia makaa ya mawe yaliyookwa. Chuma cha kusubu kikawa cha bei nafuu. Mji wa Birmingham nao ukajulikana kwa shaba: makomeo, vishikizo na bawaba za kila namna zilitoka huko kwenda pande nyingi za dunia. Vitabu vya michoro ya bidhaa hizo vipo hadi leo katika makumbusho. Vingi havina jina la fundi. Tunaiona kazi ya mikono yao lakini hatuwajui.

Sasa kuna jambo ambalo kila msubu hujua na wengi wetu hatulijui: metali ikipoa husinyaa. Shaba ya manjano husinyaa karibu milimita 1 na nusu kwa kila milimita 100. Kwa hiyo fundi hatengenezi kielelezo chenye ukubwa wa komeo analolitaka. Hukifanya kikubwa kidogo. Mafundi wa vielelezo wana hata rula maalumu, ndefu kuliko rula ya kawaida kwa kiasi hicho hicho.

Fikiri inavyokuwa fundi mvivu anapochukua komeo la zamani na kulizika mchangani kama lilivyo. Nakala yake itakuwa ndogo. Mwingine akichukua nakala hiyo na kuifanya kielelezo, ya pili itakuwa ndogo zaidi, na alama za mapambo zitaanza kufifia. Komeo la milimita 100, likinakiliwa hivyo mara 10, kila mara kutoka kwa nakala iliyotangulia, litabaki na milimita 86 hivi. Hakuna hata fundi mmoja kati ya hao 10 aliyekusudia kulipunguza. Kila mmoja alinakili kwa uaminifu kile alichopewa, lakini hakuna aliyerudi kwenye lile la kwanza.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, ili nao wawafundishe wengine (2 Timotheo 2:2). Imani yetu imetufikia kwa njia hiyo, kutoka mkono hadi mkono. Lakini Paulo huyo huyo, alipowaambia Wakorintho wamfuate yeye, aliongeza mara moja kwamba yeye anamfuata Kristo (1 Wakorintho 11:1). Aliwaonyesha wa kwanza ni nani. Mimi nikimwiga mchungaji wangu tu, naye akawa amemwiga mwalimu wake tu, baada ya vizazi vichache tutakuwa na Ukristo unaofanana na ule wa kwanza kwa umbo, lakini usiofika mahali pa kufunga. Kila kizazi hakina budi kupimwa tena na Neno.

Kasisi wa Williamsburg

Nchini Marekani kuna mji uitwao Williamsburg, uliokuwa makao makuu ya koloni la Virginia kuanzia mwaka 1699 hadi 1780. Makao makuu yalipohamishwa, mji ulisahaulika. Mwanzoni mwa karne ya 20 kasisi mmoja, W. A. R. Goodwin, aliitwa kuhudumu katika kanisa la zamani la Bruton, na kufikia mwaka 1907 akawa amesimamia ukarabati wake. Baadaye alihamishwa, kisha akarudi, akawa na ndoto ya kuurejesha mji mzima. Mwaka 1926 tajiri John D. Rockefeller Mdogo alikubali kugharimia kazi hiyo.

Walifanya kazi kwa bidii ya kustaajabisha. Jumba la gavana lilikuwa limeungua mwaka 1781. Walichimba misingi yake, wakaokota vipande vya vyuma, vitasa na vioo. Mwaka 1929 bamba la shaba lenye michoro ya majengo ya mji huo likagunduliwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, nao wakalitumia kama shahidi. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 1934. Wahunzi waliwekwa kufua bawaba, makomeo na misumari kwa zana na njia za karne ya 18, na hata leo mgeni anaweza kusimama karibu na moto na kuwatazama wakifanya kazi. Ukitaka kuona jinsi nakala ya chuma cha dirisha inavyopaswa kufanywa, hapo ni pazuri pa kuanzia.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande wa pili. Katika karne ya 18 zaidi ya nusu ya wakazi wa Williamsburg walikuwa Waafrika na watoto wao waliofanywa watumwa. Wengine walibatizwa katika kanisa lile lile la Bruton. Moto wa wahunzi ulivukutwa kwa mikono yao pia. Lakini kwa miaka mingi mji uliorejeshwa haukuwasimulia inavyostahili. Ilikuwa mwaka 1979 ndipo waigizaji weusi walipoanza kusimulia maisha yao kwa wageni kama sehemu ya mpango rasmi.

Lipo na la kuumiza zaidi. Mwaka 1776 Waafrika, watumwa na walio huru, walianzisha usharika wa Kibaptisti mjini humo. Katika miaka ya 1950, katika kuurudisha mji kwenye sura ya karne ya 18, jengo lao la kanisa lililojengwa mwaka 1856 lilinunuliwa na kubomolewa, na baadaye mahali pake pakawekwa lami ya kuegeshea magari. Mwaka 2020 wachimbaji walianza kuitafuta misingi yake, wakapata na makaburi ya waumini.

Watu hawa walijua kunakili komeo kwa usahihi wa unywele. Wangekasirika kama bawaba ya karne ya 19 ingewekwa kwenye dirisha la karne ya 18. Lakini nyumba ya Mungu ya watu weusi iliyokuwa hai mbele yao waliiona kuwa kitu kisicho mahali pake. Inawezekana, basi, kila kipande cha nakala kiwe sahihi na jambo zima liwe na uongo ndani yake.

Ngao za Rehoboamu

Biblia inalijua jambo hili. Katika 1 Wafalme 14:25–28 tunasoma kwamba Shishaki mfalme wa Misri aliushambulia Yerusalemu na kuzichukua ngao za dhahabu alizozifanya Sulemani. Rehoboamu akatengeneza za shaba badala yake. Kila alipokwenda nyumbani mwa Bwana, askari walizibeba, kisha wakazirudisha chumbani. Gwaride likaendelea kama kawaida. Ukiwa mbali, shaba iliyosuguliwa hung'aa karibu kama dhahabu.

Kosa la Rehoboamu halikuwa kutumia shaba, kwani Hiramu naye alitumia shaba kwa utukufu wa Mungu. Biblia inaeleza juu kidogo, katika sura hiyo hiyo, kwamba Yuda walikuwa wamemwacha Bwana. Dhahabu ilipotea kwa sababu ya dhambi, na ngao za shaba zikaufanya msafara wa mfalme uendelee pasipo mtu kuuliza kilichotokea. Nakala ile ilifunika hasara badala ya kuikiri.

Katika karne ya 19 Waingereza walibishana juu ya jambo hilo kwa ukali. Makanisa mengi ya kale yalikuwa yakirejeshwa kwa kukwangua plasta na kuondoa kila kilichoonekana kuwa cha baadaye, kisha kuweka vitu vipya vyenye sura ya kale. Mwaka 1849 John Ruskin aliandika kwa hasira kwamba urejeshaji wa namna hiyo ni uongo. Mwaka 1877 William Morris, aliposikia mpango wa kurejesha kanisa la Tewkesbury, aliandika gazetini kupinga, na mwaka huo huo akashiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Msimamo wao ulikuwa huu: tunza, tengeneza panapovuja, lakini usijifanye wa karne nyingine. Mwaka 1964 wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana Venice waliandika mkataba wenye kanuni iliyo karibu na hiyo: kipande kinachowekwa badala ya kilichopotea kikubaliane na jengo zima, lakini kiweze kutambulika kwamba si cha kwanza.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mzee wetu. Fundi mwaminifu hufanya mambo matatu. Kwanza, huanza na kile cha awali kilichobaki, hata kama ni kimoja na kimevunjika. Pili, hunakili kazi yake pamoja na sura yake, kwa sababu komeo linalofanana na la zamani lakini halifungi ni pambo tu. Tatu, huacha alama. Mahali pasipoonekana kwa haraka, nyuma ya bamba au chini ya mkono wa komeo, hugonga mwaka wa kutengenezwa. Anayepita ataona dirisha lililo kamili. Anayetaka kujua atakuta ukweli.

Nguzo za Mkunazini

Mwaka ule ule wa 1877, Morris alipokuwa akibishana huko Uingereza, jambo jingine lilikuwa likitendeka pwani yetu. Siku ya Krismasi ya mwaka huo ibada ya kwanza ilifanyika katika kanisa lililokuwa likijengwa Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, ambaye Waswahili Wakristo wanamkumbuka pia kwa kazi yake ya kutafsiri Maandiko.

Inasimuliwa kwamba siku moja askofu alikuwa safarini, na mafundi wakazisimamisha nguzo ndogo karibu na mahali pa ubatizo juu chini. Aliporudi, hakuamuru zing'olewe. Mgeni anayefika Mkunazini leo huonyeshwa nguzo hizo zikiwa bado zimepinduliwa.

Sijui somo lolote la ujenzi linalozidi hilo. Mtu anayetaka kila kitu kionekane kikamilifu angezigeuza. Lakini nguzo zile zinasema kwamba hapa walifanya kazi wanadamu, na kwamba mikono yao ilikuwa na thamani kuliko mstari ulionyooka. Katika mahali ambapo binadamu waliwahi kupewa bei, hilo si jambo dogo. Kanisa hilo limefanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 2010, na pembeni yake kuna maonyesho yanayosimulia habari za biashara ya watumwa. Jengo limetengenezwa, na jeraha halikufichwa.

Tulivyofanya

Nilirudi kwenye kamati na maelezo yangu. Tulikubaliana kutengeneza makomeo. Fundi mmoja wa mjini, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusubu sufuria za alumini chakavu katika mchanga, alikubali kujaribu kwa shaba iliyotokana na koki za maji zilizochakaa. Tulimpa komeo moja lililobaki zima. Alilizika mchangani kama lilivyo, nasi hatukukumbuka kumwambia lolote. Makomeo ya kwanza yalitoka mazuri, yanang'aa, na hayakufika. Ulimi ulipungua milimita 3. Ilibidi achonge kielelezo cha mbao, kikubwa kidogo, na kuanza upya. Hakutudai nyongeza. Nilimkumbuka Mfalme Yosia na mafundi wa hekalu ambao hawakuombwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu (2 Wafalme 22:7).

Katika habari hiyo ya Yosia, wakati mafundi wakitengeneza nyumba, kuhani mkuu Hilkia alikikuta kitabu cha torati kilichokuwa kimesahaulika humo humo. Kwetu pia kitu kilipatikana. Siku tuliyokuwa tukiyapachika makomeo, mama mmoja mzee aliingia, akakaa kwenye benchi, akatazama. Kisha akasema, "Wanangu, mnafanya vizuri. Lakini babu yangu alibeba chokaa ya ukuta huu kichwani kutoka tanuri, na jina lake halipo popote humu." Akaonyesha bamba la mlangoni. Lina majina ya wamisionari wawili.

Alikuwa anasema kweli. Tulikuwa tumehangaika miezi kadhaa juu ya uaminifu wa vipande vya shaba, na kila Jumapili tulikuwa tumepita mbele ya bamba lile bila kuuliza. Tukaanza kuwatembelea wazee. Tulipata majina 14 ya waliobeba mawe, waliochoma chokaa na waliopasua mbao. Yameandikwa sasa kwenye ubao wa mninga chini ya lile bamba la kwanza, ambalo hatukuliondoa. Tunajua hayatimii.

Si wote walioridhika. Upande wa sakristia mbao zilikuwa zimeoza, tukaweka alumini, na wapo wanaosema tungeweka hiyo kila mahali tupumzike. Labda miaka 50 ijayo kamati nyingine itaamua hivyo. Lakini wakiling'oa komeo na kuligeuza, wataukuta mwaka umegongwa nyuma yake, nao watajua kwamba sisi si wale wa kwanza na hatukujifanya kuwa wao.

Maandiko yanasema kwamba Mungu ametukusudia tufananishwe na Mwana wake (Warumi 8:29). Hatuitwi kujifanya kuwa Yeye, wala kuficha kwamba tulivunjika tukatengenezwa. Tunaitwa kurudi kwake kila siku, kupimwa na Yeye, na kufanya kazi ile tuliyowekewa, hata ikiwa ni ya komeo moja katika dirisha moja la nyumba kubwa. Na tunapomfuata, tumtazame pia ndugu aliyebeba chokaa, tukaulize jina lake.

Maswali ya kutafakari

1. Katika usharika wako, ni nani waliofanya kazi ambao majina yao hayajaandikwa popote? Nani bado anayakumbuka?
2. Soma 1 Wafalme 14:21–28. Je, kuna jambo katika maisha yako au ya kanisa ambalo limebadilishwa kutoka dhahabu kuwa shaba, na gwaride likaendelea?
3. Imani yako unaipima kwa nakala ipi? Mara ya mwisho uliporudi kwa ile ya kwanza ilikuwa lini?